Diski Iliyotolewa Jumapili

Nilipofungua mlango wa chumba cha seva niliziba pua. Zahanati hii ya Siakago ina kiyoyozi kimoja tu, na meneja wake, Bwana Muchangi, alikuwa ameamua ni cha muguka wake, majani anayotafuna kutwa. Mafurushi manne yameegemezwa kwenye seva ili yasinyauke, na sakafuni pana kopo la mate ya kijani. Nililisogeza kwa ncha ya kiatu.

Nje kwenye benchi alikaa Igoki, taya limevimba, homa imempanda. Mwaka jana alidungwa sindano papa hapa, mwili ukaikataa dawa, nusura afe. Jina la dawa ile lilikuwa kwenye seva tu, na daktari alikataa kumdunga nyingine kwa kubahatisha. Ndiyo maana mimi, fundi wa kompyuta, niliitwa mbio kutoka Embu.

Niliwasha seva. Ikasubiri diski moja dakika moja na nusu, ikakwama. Nikachungulia ndani: nafasi ya diski ya pili ilikuwa tupu.

"Diski iko wapi?"

"Aah, madam, hiyo nilitoa Jumapili," Muchangi akasema, shavu limejaa. "Nilikuwa nataka kuweka video ya ruracio, ile sherehe ya mahari ya msichana wangu. Si iko na ingine?"

Nilimeza matusi. Nikafungua orodha ya diski ambazo Linux, mfumo unaoendesha seva ile, huzitafuta inapoamka, nikaufuta mstari wa ile iliyokosekana, nikawasha upya. Seva ikaamka. Muchangi akapiga makofi. Mimi nikafungua folda ya wagonjwa, na haikuwa na kitu.

"Mafaili yalikuwa kwa hiyo uliyotoa. Ilete!"

"Lakini haikuwa na kitu! Laptop yangu ilikataa kuisoma, ikaniuliza kama ni-format, yaani niisafishe ianze upya. Nikabonyeza yes."

Bila shaka ilikataa. Windows ya laptop yake haisomi diski za Linux. Sasa juu ya rekodi za wagonjwa wote imeandikwa video ya muda wa saa tisa ya watu wakitafuna mbuzi wa mahari. Mtu huyu alinitia kinyaa kuliko kopo lake.

Nilimshika mkono wa shati nikamburuta hadi kwenye benchi. "Mwambie wewe mwenyewe."

Igoki alijaribu kuinuka. "Mmepata jina ya hiyo dawa, mzee?"

Muchangi akahamisha muguka kutoka shavu hili hadi lile. "Mashini imewaka, mama," akasema. "Imewaka poa kabisa."

Igoki akamshukuru Mungu, akaanza kukunja mkono wa sweta, tayari kwa sindano.