Ua wa Chai Londiani

Wacha watu waseme Londiani ni viazi na maziwa tu. Kila Desemba, kwenye malisho yale ya baridi, ni mbio za farasi, na ukichelewa kufika kwenye kamba utatazama migongo ya watu. Mbio hizo zilianzishwa na walowezi, na enzi hizo Mwafrika alishika hatamu tu, mzungu ndiye aliyepanda. Babu wa mkulima mmoja wa chai, Kipkurui, alizishika hatamu hizo mpaka akazeeka. Wazungu wakaenda, mbio zikalala miaka na miaka, kisha wakulima wakazifufua wenyewe: viunzi vilevile, na mwishoni ule ua wa kaiyaba, mrefu, wa miiba, uliowahi kuvunja watu shingo.

Basi mwelewe Kipkurui siku hiyo. Binti yake Chepchumba alikuwa juu ya Radi, farasi waliyemlea tangu udogo katikati ya chai yao kule Mogogosiek, na ukoo wao haukuwa umeshinda hata mara moja. Wiki nzima hakuwa amepata usingizi wa maana.

Jirani yake Obure, aliyewaletea farasi kwa lori lake, akapanda mteremko hadi aliposimama Kipkurui, akitafuna mahindi ya kuchoma.

"Baba Chepchumba, mwaka huu hakuna kuchomwa miiba," akasema. "Kaiyaba yote wameng'oa jana jioni. Ua wa mwisho wameujaza matawi ya majani chai kutoka Kericho. Laini kama godoro!"

"Majani chai?"

"Si ndiyo! Mabichi kabisa, hata yananukia. Kwani unaumwa?"

Woi! Farasi wa Londiani hawaijui chai. Wataruka ua huo kama ua mwingine wowote. Lakini kule Mogogosiek, mnyama akikanyaga chai ya mtu ni vita na majirani, na Kipkurui alikuwa amemkunja samaki angali mbichi: kila Radi alipogusa chai, alipigwa fimbo ya pua. Sasa hata awe anakimbia vipi, akiinusa chai anakauka papo hapo, miguu yote minne. Kipkurui alikuwa akijisifia jambo hilo mpaka kanisani. Na farasi akikauka katika mbio kali, aliye mgongoni hakauki naye. Anarushwa kwa kichwa. Chepchumba alikuwa ameukagua ua huo jana mchana, ukiwa bado kaiyaba.

Bendera ikashuka.

Kipkurui akateremka mteremko mbio, kofia ikaanguka, akaiacha. "Chepchumba! Simama! Simama, mama!" Nani amsikie? Watu walidhani anashangilia mtoto wake, wakampigapiga mgongoni. "Anaongoza, mzee! Anaongoza!" Na kweli alikuwa anaongoza. Kiunzi baada ya kiunzi Radi alikuwa akipaa, na wenzake wakimfuata nyuma.

Kipkurui akafika kwenye kamba karibu na ua. Obure, aliyemfuata akihema, akamkamata koti.

"Ukivuka hapo farasi wako ametolewa! Sheria unaijua! Mzee, mtoto anashinda!"

"Najua anashinda!"

Na tusidanganyane, alisita. Ushindi huo aliutamani mno. Kisha akajing'oa, koti likabaki mikononi mwa Obure, akasimama katikati ya njia mbele ya ua, mikono ameitandaza, akipiga kelele kama mwendawazimu.

Radi akamwona, akakata kona. Chepchumba akaning'inia shingoni, akashikilia. Wengine wakapita kwa kishindo, wakauruka ua bila shida yoyote.

"Baba, umefanya nini?" Chepchumba alikuwa akilia. "Nilikuwa nimeshinda! Nilikuwa nimeshinda, baba!"

"Ule ua ni chai, mama. Radi hawezi."

"Ameruka vyote, atashindwa na hiki? Basi tazama!"

"Chepchumba, wacha!"

Hakuacha. Kwa hasira akamgeuza Radi, akamwendesha kuelekea kwenye ua, mwendo mdogo tu, hatua chache. Pua ya farasi ikaipata harufu. Akakauka. Chepchumba akapitia juu ya shingo, akaanguka kifudifudi kwenye matawi.

Watu wakacheka kweli kweli. Kipkurui hakucheka.

Chepchumba akainuka, majani kwenye nywele, akiwa ameshika kiwiko. Akamtazama Radi aliyekuwa akitetemeka mwili mzima. Halafu akageuka, akautazama mteremko wote aliokuwa akiushuka kwa kasi ile.

"Baba," akasema polepole, "uliponitokea, nilikuwa nishamwachilia hatamu zote."

Kipkurui akaketi kwenye nyasi, akalia kama mtu aliyefiwa, bila haya, mbele ya Londiani nzima, huku kipaza sauti kikitangaza jina la mwingine. Chepchumba akaketi kando yake, akamshika mkono.