Mlo Uliokataa Kuliwa

Fundi cherehani alipokubali kumtunzia mtoto wa kaka yake nyoka, alidhani kazi ni kutupia panya na kufunga kifuniko. Akanasa panya mzima mtegoni, akamtumbukiza kwenye sanduku la kioo, akarudi kushona. Alipokuja kuchungulia, nyoka alikuwa amejikunyata pembeni, na panya anamtafuna mkia. Hapa nani mlo, nani mlaji?

Akamtoa panya kwa koleo, akampigia simu kijana huko safarini.

"Shangazi, mzima si chakula, atamjeruhi. Nilikwambia wale wa kwenye friji. Mmoja akishayeyuka, mpashe kwenye maji ya uvuguvugu, mshike kwa koleo, umtikise. Huyo nyoka hali kisichocheza."

"Kwa hiyo maiti ajifanye mzima, na mimi mzima nitulie kama maiti?"

"Hapo umeelewa."

Hakuelewa chochote. Akasimama mbele ya kioo akimchezesha marehemu huku na huku, mkono ukimuuma, akijiuliza ushonaji umemfikishaje hapa. Mara nyoka akamdaka panya, akajiviringisha. Fundi akashusha pumzi, asijue acheke au alie.

Kijana aliporudi safari, alimkuta nyoka ameshiba na jeraha limekauka. Kando ya cherehani, ndani ya mtego, yule panya mzima alikuwa amenenepa.

"Na huyu, shangazi?"

"Ulisema si chakula, basi ni mgeni. Siku ya tatu nikamtafutia jembe, sikupata la saizi yake."