Nyekundu Kushoto, Kijani Kulia

Jioni askari wa majini alipomsimamisha, muuguzi hakuwa na nguvu hata ya kujitetea. Alikuwa ametoka wodini, miguu imemvimba ndani ya viatu, na alichotaka ni kuvuka ghuba tu, afike kwa mama yake, amgeuze kitandani, amlishe, kisha naye ajitupe mahali. Giza lilikuwa linaanza kushika. Askari aliisogeza boti yake karibu, akammulika, akamweleza bila ukali kwamba tishari, chombo bapa cha kubebea mchanga, nusura impande. Nahodha wake hakuona kitu.

"Dada, bila taa wewe ni gogo tu linaloelea," alimwambia.

Akamtajia masharti. Taa moja nyeupe juu ya mlingoti, ionekane pande zote. Nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, na kila moja imulike mbele na upande wake tu, isivuke kwa mwenzake wala isionekane kutoka nyuma. Ziwe zimepigwa muhuri wa ukaguzi. Mpaka hapo atakapozifunga, avuke mchana.

Mchana alikuwa wodini. Na mama, aliyepooza upande mmoja, alikataa katakata kuihama nyumba yake. Alisema atatoka humo akiwa amebebwa. Jirani alimtazama hadi alasiri, baada ya hapo mzigo ulikuwa wa binti. Barabara ya kuzunguka ghuba ilikuwa ndefu na mbovu, kwa hiyo kila jioni alikuwa majini na kile kiboti cha marehemu baba yao, chenye mashine inayokohoa kama mgonjwa wa kifua. Alfajiri alirudi moja kwa moja wodini; chumba alichopanga mjini kilibaki cha kuwekea nguo.

Alikuwa na mdogo wake, seremala, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, upande wa mjini. Siku za mapumziko alivuka asubuhi, akashinda na mama, akarudi jua likiwa bado juu. Akiombwa zamu ya jioni, jibu lake lilikuwa lile lile: boti haina taa, dada, tutazama. Nayo ilikuwa kweli. Sasa akamwambia taa zinakuja, watapokezana. Seremala aliendelea kupiga randa, kisha akasema, "Haya."

Dukani, muuzaji alikuwa na ulimi wa asali. Kwanza alimtolea utepe wa taa ndogo ndogo zinazobadilika rangi.

"Hizi, sista, utaonekana hadi mwezini."

Muuguzi alimjibu kwamba haendi harusini. Muuzaji akacheka, akaleta taa za baiskeli, muuguzi akazikataa. Akaleta nyingine zilizoandikwa ni za boti, rangi zake nzuri, ila zilimulika huku na huku kama kibatari. Muuguzi alimwomba aiinue ile nyekundu juu ya kichwa, yeye mwenyewe akatembea taratibu kuizunguka, mkoba begani, mpaka akasimama nyuma kabisa ya muuzaji. Bado aliiona. Akasema hiyo siyo. Wateja wengine walianza kuguna. Hakuwajali; uchovu ukizidi, hata aibu hukosa pa kukaa.

Aina ya taa moja yenye rangi zote mbili ilikuwa imeisha dukani. Mwishowe muuzaji alipanda ngazi, akashusha boksi lenye vumbi. Ndani mlikuwa na taa mbili zenye vifuniko vyeusi vilivyoziba nyuma, muhuri upo, na imeandikwa zinaonekana umbali wa maili moja; ya tatu, nyeupe ya mlingotini, maili mbili. Muuguzi aliizunguka tena ile nyekundu. Alipopita bega la muuzaji, ikazimika machoni pake. Akasema, "Nifungie hizi."

Seremala alizifunga kwa mikono yake, na kwa mikono huyo hakuwa na mpinzani. Alichonga vikalio vya mbao, akapitisha nyaya chini ya ukingo zisionekane, akasimamisha kimlingoti kilichonyooka kama mshumaa. Muuguzi alifika gatini jioni akitoka kazini, akazikuta tayari, akasema ahsante bila kuangalia sana. Askari alikuwa anawasubiri. Akamwambia muuguzi awashe taa, aingie kidogo majini, ageuze, aje.

Alikwenda, akageuza, akaja. Askari alisimama ukingoni mwa gati, mikono kiunoni, seremala pembeni yake.

"Dada," askari aliita, "unakuja au unakwenda?"

Muuguzi alizima mashine, akainamia ukingo wa kushoto. Maji chini yake yalikuwa ya kijani. Akainamia wa kulia, mekundu. Hasira zikampanda. Alipofunga kamba alikuwa ameshatunga maneno yote: uzembe huu huu, tangu utotoni. Kutumwa nyanya akachuma mbichi. Kupaka mlango wa jirani rangi isiyo yake. Baba alimchapa kwa hayo, na yeye dada mtu alimcheka.

Kisha akamwona mdogo wake anaziangalia zile taa. Hakuwa na uso wa mtu aliyekosea. Alikuwa anatafuta kosa halioni.

Alimngoja askari asogee kando, akauliza kwa sauti ya wodini, ile ya kumuuliza mgonjwa panapouma:

"Mdogo wangu, nyekundu ni ipi?"

Seremala alisogea karibu na boti. Halafu akaonyesha taa ya kulia, akasita, akashusha mkono.

"Ile yenye giza kidogo, nadhani. Kule karakana zilikuwa hazijawaka, zote zilikuwa kama udongo. Nilibahatisha, dada."

Alimweleza mengine wakiwa wamekaa kwenye ngazi za gati: kwamba aliwahi kuomba kazi ya kreni bandarini, daktari wa macho akamrudisha, kwamba jioni zile za boti alikuwa akiogopa, si maji, bali taa za wengine, maana hajui anayemjia anaelekea wapi. Kusingizia boti kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Muuguzi alisikiliza huku akiona zamu zake za kupumzika zikiyeyuka moja moja. Hakuwa na moyo wa kulalamika, wala wa kumfariji. Aliegemea bega lake tu. Askari aliwaazima bisibisi, seremala akazihamisha taa, dada yake akimwambia ipi ni ipi, na boti ikapita ukaguzi.

Alivuka peke yake jioni ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Siku ya mapumziko alipovuka asubuhi kumchukua mdogo wake, alimkuta gatini amepanga randa, misumeno, na meza yake ya kazi imefungwa kamba kichwa chini.

"Mbao hata kule zipo," seremala alisema. "Nitalala kwa mama. Wateja wakinitaka watavuka."

Muuguzi alitaka kumuuliza kama ameifikiria vizuri. Badala yake alishika upande mmoja wa meza ili isiyumbe, wakavuka juani, boti imezama nusu kwa uzito.

Kesho yake alitoka wodini, akaenda chumbani kwake alikopanga mjini, akakaa kitandani avue viatu. Alivua kimoja. Mwenye nyumba alipomgongea mlango asubuhi, aliamka kiatu cha pili kingali mguuni, akauliza kama amechelewa kuvuka.