Hewa Ndani ya Mafuta

Starta ilizunguka, ikalia kama mbuzi aliyekabwa, na injini haikuwaka. Marcellin, dereva wangu, alijaribu mara ya nne. Nyuma ya vilima vya Kirolirwe risasi zilikuwa zimeanza tena. Nyuma ya gari langu watu ishirini waliokimbia mapigano walikaa juu ya magunia ya maharagwe, wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeleta vita.

Ilikuwa mwaka wa 2008. Nilikuwa mjane, mfanyabiashara kutoka Butembo, na gari lile ndilo lililonilisha.

"Betri iko muzuri," Marcellin alisema. "Mazuti iko, tanki imejaa. Sijui tena."

Ndipo Sebahire akatoka malishoni. Nilimfahamu, miaka mingi nilinunua jibini kwake. Mkewe, Drocella, aliketi kando ya barabara, mguu umevimba mpaka gotini.

"Mama Kavugho, hewa imeingia ndani ya mafuta. Niliendeshaka trakta, najua. Nitatengeneza. Mutubebe tu, mimi na bibi yangu."

"Tengeneza," nilisema. "Mutapanda."

Raphaël, mmoja wa wale ishirini, mkulima ambaye nyumba yake ilichomwa wiki ile, alitema mate. "Asiguse gari. Ndugu zake njo banatupiga."

Waasi waliokuwa vilimani wengi walikuwa wa kabila la Sebahire. Yeye hakugeuka. Aliukuta mpira wa kupitisha mafuta umepasuka, akaufunga kwa kipande cha lastiki. Akalegeza skrubu juu ya filta, akasukuma pampu kwa kiganja. Povu likatoka, likatoka, kisha mazuti safi yakamtiririkia hadi viwikoni. Akakaza.

"Washa, papa," alimwambia Marcellin.

Injini ikanguruma.

Akamwinua mkewe. Wale ishirini wakasimama, wakaziba nafasi ya kupandia.

"Akipanda, tutamutupa njiani," Raphaël alisema.

Marcellin alinigeukia. Gari lilikuwa langu. Ningeweza kuwashusha wote. Ningeweza kumpisha Drocella kiti changu cha mbele.

"Twende," nilisema.

Kwa muda mrefu nilijidai kwamba niliogopa wangeuawa njiani. Uongo. Asubuhi ile, mimi pia niliamini sehemu ya maneno ya Raphaël, nami nilikuwa nimekula jibini la mtu yule miaka sita.

Tulipoondoka, Sebahire hakulikimbilia gari, hakupiga kelele. Kiooni nilimwona ameinama, anafuta mikono kwa majani.

Baadaye nilisikia kwamba alimbeba mkewe mgongoni siku mbili mpaka Lushebere, kisha akarudi kutafuta ng'ombe wake. Hakuonekana tena.

Miaka miwili ikapita. Siku moja Drocella aliingia katika duka nililokuwa nimefungua Mweso, akichechemea. Niliinuka. Nilimpa pole ya mumewe, nikaomba msamaha, nikasema mengi, mengine nikayarudia. Aliniacha nimalize, mkono wake juu ya meza.

"Mama," akasema, "mimi nimekuja kwa chumvi."

Nikaanza kumpimia.