Insha ya Nahla na Chupa Zisizo na Vioo

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini ile Ijumaa Nahla aliyonisomea insha yake mbele za watu, hata mpole wa wapole angepandwa na mori.

Nahla ni mtoto wa kaka yangu. Nilimtoa Unguja alipomaliza fomu sita, nikamleta Guangzhou anisaidie biashara, na kwa mwaka mmoja na nusu akawa anakisema Kichina mpaka wenyewe wanageuka kumtazama. Madukani mimi nanyoosha kidole, yeye ndiye msemaji. Sasa chuo kimoja cha Marekani kilikuwa tayari kumsomesha bure, ila kwanza ajieleze ni nani, kurasa mbili, kwa Kiingereza. Bahasha ilitakiwa iondoke Alhamisi.

Tulikuwa tunakula, baada ya sala, kwenye mgahawa wa Waislamu pale Xiaobei. Tulikuwa na Marijani wa Dar, anayetufungia makontena, na Japheth, Mkenya wa vipuri vya baiskeli. Nahla akasoma huku anatutafsiria.

Lo! Si kaandika habari ya chupa zangu za chai! Kwamba mwaka jana kiwandani alimsikia laoban, yaani bosi mwenye mali, akimwambia kijana wake kwamba vioo vya ndani havimo, vinauzwa peke yake. Kwamba aliniambia, na mimi nikamwomba anyamaze. Kwamba nilifungua katoni nne za mlangoni, nikakuta vioo, nikaridhika. Kontena lilipofika Unguja, zile nne tu ndizo zilizokuwa na vioo. Sokoni Darajani wakanibandika jina la Bi Maganda.

"Toba! Wazungu wa Marekani nao wanijue kwa jina hilo?" nilisema. Mkate ulinitoka mkononi.

"Da Kazija, tulia," Marijani akasema. "Binti, hakuna anayemwonyesha mteja bidhaa kwa upande uliobonyea. Wewe unauza, wao wananunua. Toa hizo chupa, weka sifa."

"Weka uongozi," akasema Japheth. "Hao watu wanapenda uongozi sana. Sema ulianzisha chama cha vijana."

"Chama gani?" Nahla akauliza.

"Kianzishe leo, sisi ni wanachama. Mambo kwisha."

Jumamosi wakakaa naye ofisini kwa Marijani, ghorofa ya kumi na moja, kwenye ile kompyuta yake inayokoroma. Insha ikatoka inang'aa. Nahla alikuwa mwenyekiti. Alikuwa yatima pia, na kaka yangu mzima wa afya, anacheza bao kila jioni! Mimi nilikuwa shangazi mwenye hekima, ninayezungumza Kichina kama maji. Nikaipenda sana.

Jumatatu Nahla akaituma kwa faksi kwa mwalimu wake wa zamani, Mwalimu Gaudiosa, aikague. Jumanne jibu likaja, mistari miwili: "Nimeisoma. Huyu msichana simjui. Nahla akipata nafasi, naomba aniandikie yeye."

Marijani akasonya. "Walimu ndivyo walivyo, hawajui soko."

Lakini Nahla aliikunja ile karatasi, akasema, "Basi Shangazi, tuache. Nitabaki hapa hapa, nikusemee."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli. Usiku kucha nililala usingizi mzito.

Jumatano tukaenda kununua mabeseni. Muuzaji akataja bei ya kitapeli, nikamngoja Nahla amrarue kama kawaida yake, maana mtoto yule akibishana hata mimi namwogopa. Akatafsiri bei ile ile, akatazama sakafu. Mtu akataja bei ya wizi, na Nahla wangu anatazama sakafu! Roho iliniuma, nikamshika mkono, tukatoka bila beseni hata moja.

"Ile ya kwanza iko wapi?" nikamuuliza.

"Ipo mkobani."

"Isome." Tukakaa kwenye ngazi za duka la watu, akasoma tena mpaka alipofika mahali pangu. "Simama hapo. Umeandika uongo."

"Uongo upi, Shangazi? Si yametokea yote?"

"'Shangazi aliniomba ninyamaze.' Nilikuomba lini mimi? Nilikwambia, 'Funga domo lako, nani kakuuliza?' Mbele ya laoban, na akacheka. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," akajibu polepole.

"Iandike hivyo. Na wewe ukafanya nini?"

"Nilikwenda kulia chooni."

"Mbona hilo halimo humu? Andika. Na kesho yake?"

"Kesho yake nikaja tena kukutafsiria."

"Kwa nini? Mtu kakutukana mbele za watu, umerudi kufanya nini?"

"Kwa sababu bila mimi, Shangazi, ungeshindwa hata kununua maji ya kunywa."

Ebo! Mkono wangu ulishapanda. Kisha nikauteremsha, kwa sababu ni kweli, na ilikuwa inauma kuliko lile jina la Darajani.

"Andika na hilo," nikamwambia. "Na jina langu liandike kamili, wasije wakadhani ni shangazi mwingine."

Aliandika pale pale kwenye ngazi, karatasi juu ya goti, anacheka na kufuta machozi. Marijani hakuonyeshwa. Alhamisi saa nne bahasha ikaenda.

Tulipotoka kwenye ofisi ya vifurushi alinishika mkono, akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia nimekasirika sana, na anifundishe kuhesabu Kichina, kuanzia moja.