Kitambaa Cheusi cha Regina

Mimi Tekla nashona kasula, yaani mavazi ya misa ya mapadre, hapa Ipogolo, na kuhusu rangi sitaki kufundishwa na mtu. Kijani ni matumaini, nyeupe ni furaha, nyekundu ni damu ya mashahidi. Nyeusi ni misa ya wafu, basi.

Ndiyo maana kifurushi cha Regina kilinikata maini. Binti yangu aliolewa na Mwislamu kule Uyole, akasilimu, na tangu harusi hatujaonana. Sasa kanitumia kwa basi kitambaa cheusi tii, na ujumbe kwenye simu: “Mama nishonee bendera ya Maulidi. Jumamosi naifuata.” Nikaona kanizika nikiwa hai. Nililia, kisha nikajikasirikia kwa kulia.

Mchana nikasinzia juu ya cherehani. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, na ndani yake bendera zikapita barabarani, nyeupe, nyekundu, kijani, hakuna anayezishika. Malori yalisimama kuzipisha. Nyeusi ilikuja mwisho, ikatulia mlangoni kwangu, ikipumua taratibu kama ng'ombe aliyechoka. Nilipoamka nikaenda kununua kitambaa cha kijani. Atake asitake, mwanangu atapata matumaini.

Jumamosi akaingia na hijabu yake, akapiga goti kama nilivyomlea.

“Kamwene, mama.” Akaiona bendera ya kijani mezani. “Nyeusi iko wapi?”

“Siwezi kumshonea mtoto wangu msiba.”

Alinitazama, akaelewa, akakaa palepale sakafuni.

“Jamani, mama! Si msiba. Inasimuliwa Mtume mwenyewe alikuwa na bendera nyeusi, na nyingine nyeupe. Baadaye kuna watawala walioshika nyeupe, na waliowapindua wakashika nyeusi. Kwetu ndiyo inatangulia zafa, yale maandamano ya Maulidi.” Akaipapasa ile ya kijani. “Na hii ni rangi ya watu wa nyumba ya Mtume. Naichukua nayo.”

“Kwani Uyole hakuna mafundi?”

“Wamejaa. Ila bendera inatangulia watu wote, mama. Nilitaka mkono wako uwe mbele.”

Nikakitandaza kile kitambaa cheusi ili nianze pindo kwa mkono. Uzi ukawa unakosa tundu la sindano, maana macho yalijaa maji. Regina akaninyang'anya, akautunga, akanirudishia sindano kama alivyozoea alipokuwa mdogo.