Kibao Juu ya Mtambaa Panya

Saburi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na soko la Bukoba, kiatu cha kuchezea mpira kakibana kwa magoti, akitoa kijino cha chuma cha soli ambacho skrubu yake ilikuwa imelika kichwa. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakilaza juu ya kichwa kile, akakandamiza bisibisi na kuizungusha polepole. Tyubu iling'ata chuma. Skrubu ikatoka.

Mwanamke mwenye beseni tupu la dagaa alikuwa amesimama akitazama mpaka mwisho.

"Na zilizosuguliwa kabisa, zisizo hata na alama, unatoa?"

"Mama, mimi natoa hata jino la fisi, mradi wewe umshike. Ziko wapi?"

"Nshamba. Kwenye goli la shule."

"Lile la marehemu?"

"Ni mume wangu," alisema Eufrazia.

Saburi akafunga mfuko wa vifaa. Aliwahi kucheza pale na timu ya mjini, na marehemu alidaka penalti yake kwa mkono mmoja. Kudakwa alishasamehe. Huo mkono mmoja bado.

Mashimba alikuwa Msukuma, mvuvi wa visiwa vya Muleba. Binti yao Jesca alipoanza shule Nshamba, baba alikuta watoto wanacheza kwenye goli la mikaratusi iliyoliwa na mchwa. Alivunja kichanja chake cha chuma cha kuanikia dagaa, akavusha mabomba kwa mtumbwi, akayaunga mwenyewe, na kwenye mtambaa panya akaandika kwa moto wa kuchomelea: MASHIMBA. Mwaka uliofuata ziwa lilimchukua na halikurudisha mwili.

Eufrazia aliwaomba kaka zake mahali pa kuweka jiwe la kumbukumbu tu, kwenye kibanja cha baba yao, katikati ya migomba. Kaka mkubwa, Aroni, alijibu huku anatafuna kahawa.

"Mnyamahanga, mtu wa kuja, hazikwi humu. Na huyu wako hata mwili hana. Tuzike nini, harufu ya samaki?"

Ukoo mzima ukacheka. Jina la kwenye goli likabaki ndilo kaburi lake.

Ulipofika wakati wa kura, vijana wa Mheshimiwa walilizungushia goli turubai, wakasema wanaandaa jambo la kushtukiza. Turubai lilipoondolewa, katikati ya mtambaa panya kulikuwa na kibao cha bati nene, kimekunjwa kufuata mviringo wa bomba: GOLI HILI NI ZAWADI YA MHESHIMIWA. Kilikazwa kwa skrubu, na vichwa vya skrubu vikapitiwa na grenda ili mkono wa mtu usivisumbue. Mheshimiwa alikata utepe, akanywa soda, akaondoka.

Jioni ileile Mashimba alitoka ziwani, akapanda mpaka Nshamba kwa miguu, akasimama golini. Tangu hapo hakuna mpira ulioingia. Watu hawakushangaa, walilalamika tu. Chama cha mpira kilituma mtu kuuliza kama ana leseni. Yeye hakujali ni timu gani inashambulia, kwa hiyo ilikubaliwa kila timu ilinde goli lile kipindi kimoja, haki itendeke. Maji yalimchuruzika bila kukoma, na wakati wa kiangazi wenye ng'ombe walipangiana zamu ya kulisha pale golini.

"Kwa nini huendi kulala, baba Jesca?" Eufrazia alimwuliza.

"Nilale wapi? Nikiliona jina langu nitajua pa kulala."

Basi Saburi na Eufrazia walifika Nshamba Ijumaa, watoto wameshatawanyika. Saburi aliegemeza ngazi.

"Kipa, pole na kazi. Lakini ile penalti ulitoka mapema kwenye mstari."

Mashimba alitikisa kichwa kukataa.

Tyubu haikufaa. Hung'ata palipo na tundu, na vichwa vile vilikuwa laini kama kipara.

"Vimefanana na mwenye kibao," Saburi alisema juu ya ngazi. "Vinang'aa, lakini huoni pa kushika."

"Fanya kazi, fundi. Matusi niachie mimi, ninayo ya kutosha."

Alichukua msumeno wa chuma akachonga mfereji katika kila kichwa, akagonga kwa nyundo kulegeza kutu, akaingiza bisibisi bapa. Skrubu ya kwanza ilitoka inalia kama nguruwe. Ndipo Mwalimu Revocatus, mkuu wa shule, alipotokea.

"Mama Jesca, waitu, nani kawaruhusu?"

Eufrazia alimwonyesha Mashimba kwa kidevu. Mwalimu akamwamkia marehemu, marehemu akaitikia.

"Mimi sijaona kitu," alisema mwalimu. Akageuza uso kuelekea madarasani, lakini kwa mkono wa kulia akashika ngazi isiteleze.

Skrubu ya mwisho ilikatika kichwa. Saburi aliunyofoa mwili wake kwa plaizi, na kibao kikaanguka kwenye majani mabichi.

Chini yake hapakuwa na jina. Palikuwa na bomba limesuguliwa mpaka likang'aa, kovu refu lenye urefu wa jina. Vijana wa Mheshimiwa walilisugua jina kwanza, ndani ya turubai, ndipo wakafunika.

Saburi alishuka ngazi.

"Kibao kingetosha kulificha," alisema Eufrazia. "Waliogopa nini? Herufi? Mtu alivunja kichanja chake, sisi na watoto wetu tukala dagaa wenye mchanga mwaka mzima, na wao wakaona jina lake ni uchafu wa kusugua!"

Mashimba alinyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye kovu mahali herufi zilipokuwa, moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho alirudi kwenye mstari wake.

"Jumatatu nakuja na mashine ya kuchomelea," Saburi alisema. "Nitaliandika kubwa, lisomeke hadi Kemondo."

Jumapili ilitangulia. Ijumaa ile Mwalimu alikuwa ameshika ngazi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulishika simu. Mheshimiwa alikuja na kibao kikubwa zaidi, kisicho na skrubu hata moja, kimechomelewa kuzunguka bomba lote. Saburi alipokiona Jumatatu alikipapasa kingo zote, akakosa pa kuanzia.

Lakini hiyo Jumapili, baada ya hotuba, mpira uliwekwa kwenye nukta ili Mheshimiwa afungue goli rasmi. Alivua koti, akapiga. Mashimba alidaka kwa mkono mmoja.

"Goooli!" mtangazaji alipaza kwenye spika.

Watu walipiga makofi. Aroni alipiga kwa kusimama, na Mwalimu Revocatus naye. Mheshimiwa alinyoosha mikono juu, akapigwa picha mbele ya goli, na nyuma ya bega lake marehemu akaonekana vizuri kabisa, ameukumbatia mpira, maji yanamchuruzika. Picha hiyo imetundikwa ofisini kwa mwalimu.

Eufrazia hakupiga makofi. Alipita katikati ya meza kuu na kamera, akaenda kusimama golini karibu na mumewe mpaka magari yakaondoka. Viatu vyake vililowa.

Mpira ule Mashimba hajaurudisha. Shule ilichangisha wazazi, ikanunua mwingine.